Babu Yake Hakuandika Makala Ile

Wadau, leo siweki picha za punda wala machweo ya Shela. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya fomu.

Mwaka jana nilikaa na dada mmoja wa mtaani kwetu Langoni, namsaidia kutuma makala yake kwa jarida la kitaaluma. Jarida silitaji. Makala yahusu maneno ya mafundi wa majahazi, kazi ya miaka mitatu ya kwenda na daftari mpaka Matondoni. Tulipofika penye jina tukakwama. Fomu inataka jina la kwanza na jina la ukoo, yote mawili yana nyota nyekundu. Sasa dada yetu ana jina lake, kisha binti fulani, bin fulani. Hivyo ndivyo anavyojulikana tangu azaliwe. Tukajaza tulivyoweza.

Makala imetoka. Kwenye marejeo, jina linalotangulia ni la babu yake! Mzee alikuwa nahodha, Mungu amrehemu, sidhani aliwahi kuandika hata barua. Saa hii ndiye mtaalamu wa lahaja, na mjukuu amebaki herufi moja yenye nukta.

Tulicheka sana siku ile. Halafu makala yake ya pili ikajazwa na mtu mwingine kwa mpangilio mwingine, na kwa kompyuta wakawa waandishi wawili tofauti. Akaomba ufadhili wa masomo, wakubwa wakatafuta jina lake, wakapata nusu ya kazi zake. Hapo kicheko kiliisha.

Hebu niwaeleze kinachotokea nyuma ya pazia. Makala ya kitaaluma haisafiri peke yake. Inafuatana na faili ya XML, lugha ya kuwekea taarifa lebo iliyopitishwa rasmi mwaka 1998. Faili hiyo ni kama hati ya mzigo wa jahazi: huyu ni mwandishi, hiki ni kichwa, hii ni lugha, huu ni mwaka. Ndiyo metadata. Mtambo wa kutafuta hausomi uzuri wa makala yako, unasoma hati. Mzigo usioandikwa kwenye hati, forodhani haupo.

Na hati ina viwango vyake. Majarida mengi hutumia JATS, iliyotokana na kazi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na kuwa kiwango rasmi mwaka 2012. Ukitaka namba ya DOI kupitia Crossref, mwandishi lazima awe na jina la ukoo; jina lake mwenyewe ndilo la hiari. Soma tena hapo. Jina ulilopewa na mamako ni la hiari.

Kuna watakaosema XML ni ufundi tu, haina upande. Wallahi ina upande! Ndani ya JATS mna sifa ya kuonyesha mtindo wa jina. Mitindo iliyoorodheshwa ni minne: wa kimagharibi, wa kimashariki, wa mtu mwenye jina lake tu, na wa nne unaitwa "islensk". Yaani Iceland! Kisiwa cha watu kama laki nne hivi, ambao nao huitwa kwa jina la mtu na la babake, kama sisi. Wana mtindo wao ndani ya kiwango cha dunia. Mtindo wa bin na binti, unaotumika kutoka Lamu mpaka Maskati, haumo. Siwaonei gere Waiceland, nawapongeza. Mahitaji yao yalifika mezani. Yetu je?

Mchukueni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa pwani yetu hii, aliyemtungia bintiye utendi ambao dunia nzima inausoma. Mjazie fomu tuone. Jina la kwanza "Mwana"? Hilo ni la heshima, si jina. Ukoo "Msham"? Huyo ni babake. Mwaka? Utendi ni wa 1275 Hijria, ambao unaangukia kati ya 1858 na 1859, na fomu inataka mwaka mmoja tu. Kabla hujafika kwenye beti, ushakosea mara tatu.

Tuje kwenye lugha. Msimbo wa Kiswahili ni "sw". Ukiandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu, unaweza kuongeza hati ukapata "sw-Arab". Hapo sawa. Lakini Kiamu kiko wapi? Kwenye orodha ya kimataifa ya lahaja, Kiingereza cha mji wa Liverpool kina msimbo wake, "scouse". Wenzetu wa Ghana wamesajili Kiasante na Kiakuapem. Kiamu hakimo. Kimvita hakimo. Kwa hiyo anayesema "moya" na anayesema "moja" wanatiwa gunia moja, na programu ya kusahihisha ikiona "moya" inaona kosa. Kesho mtoto wa Amu atafundishwa na mashine kwamba nyanyake hajui Kiswahili.

Na linaloniuma zaidi ni hili la kazi za watu. Kuna orodha iitwayo CRediT, ina kazi 14 za kutaja nani alifanya nini kwenye utafiti. Kutafuta pesa imo. Kusimamia mradi imo. Kunakili kwa mkono haimo. Kughani haimo. Kutafsiri haimo. Kumfafanulia mgeni neno gumu haimo. Muhamadi Kijumwa wa hapa Lamu alinakili tenzi kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na hati za mkono wake ziko London na Ujerumani. Angekuwa hai leo, fomu ingemuuliza: wewe ulileta fedha ngapi? Hukuleta? Basi tutakushukuru kwenye tanbihi.

Najua mtakachosema kwenye maoni. "Amu kuna shida ya maji, vijana hawana kazi, wewe unalia na lebo." Sikatai shida ya maji. Lakini dada yule alikosa ufadhili, na ufadhili ni kazi. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, kila mwaka watafiti wanashuka Mokowe na begi la mgongoni, wanakaa na wazee wetu, wanaondoka na shahada. Hati hiyo ya mzigo ndiyo inayoamua nani ataonekana mwenye elimu na nani ataonekana mandhari.

Lawama siwaachii wazungu peke yao. JATS ina nafasi ya kuandika jina zima bila kulikatakata. Ipo! Majarida yetu wenyewe, yanayoendeshwa hapa Afrika Mashariki na watu wanaoitwa bin na binti, yanachukua programu ilivyokuja, yanaacha nyota nyekundu palepale. Mhariri anayekata jina la mwenziwe vipande hawezi kujitetea kwa kusema kompyuta imekataa. Kompyuta imetii.

Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa nyingi.

Moja, jarida lolote la Kiswahili liandike jina zima kwanza, kisha limuulize mwandishi: kwenye marejeo tukutaje vipi? Swali moja tu.

Mbili, anayechapisha maandishi ya Kiamu asisubiri mtu. Sheria za misimbo zinaruhusu nyongeza ya binafsi, kwa hiyo "sw-x-kiamu" inakubalika leo hii, na kwa herufi za Kiarabu "sw-Arab-x-kiamu".

Tatu, mnakili, mghani na mfafanuzi watajwe kwa majina ndani ya faili, sio kwenye shukrani peke yake. Orodha ya kazi 14 haimkatazi mtu kuongeza ya 15.

Nne, Kiamu kisajiliwe. Nimesoma utaratibu wenyewe: mtu yeyote anaweza kuomba. Unajaza fomu fupi, unataja kitabu cha kuthibitisha kwamba lahaja ipo, inajadiliwa angalau wiki mbili. Vitabu vya kuthibitisha Kiamu kipo, jamani, tunavyo vya kujaza mashua.

Naanza kuijaza Ijumaa baada ya swala. Walimu, wazee, na nyinyi wa Siu, Pate na Faza msije mkasema tumewaruka: nileteeni mifano ya maneno yenu na majina ya vitabu. Fomu ile inauliza jina la mwombaji, na ina mstari mmoja tu, mrefu. Dada nimemwita aje aandike lake lote.