Kabla ya kuilaumu bushi, uliza ilikazwaje

Safu ya Jumamosi
Na Rashidi Kimweri

Mwenye Toyota Corolla ya miaka ya 1990 akisikia gari linagonga mbele kila likivuka tuta, hukumu yake huwa tayari: bushi ilikuwa feki. Aliinunua mpya juzi tu, leo mpira umechanika, basi muuza spea kamtapeli. Kwamba spea bandia zipo, tena tele, sibishani na mtu. Ninachokataa ni kuzigeuza kuwa jibu la kila kitu, kwa sababu hata bushi halisi inaweza kuharibiwa siku ile ile inapofungwa. Anayeiharibu ni yule aliyekaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia.

Itazame bushi ya kawaida ya mkono wa chini. Ni bomba la chuma ndani ya bomba jingine, na katikati yake mpira ulioshikana na chuma pande zote mbili. Bomba la nje limebanwa kwenye mkono; la ndani hubanwa na bolti kwenye chasisi na halitakiwi kuzunguka kabisa. Gurudumu linapopanda na kushuka, hakuna chuma kinachoteleza juu ya chuma: mpira ndio unaojisokota na kurudi. Kwa hiyo hali ambayo mpira huo utaihesabu kuwa ya kupumzika inaamuliwa na kitu kimoja, nacho ni mkono ulivyokaa wakati bolti inakazwa. Chukua mkono wenye urefu wa sentimita 35. Gari likiwa juu ya jeki, tuseme gurudumu limeshuka sentimita 10 chini ya mahali pake pa kawaida. Ukikaza hapo kisha ukalishusha gari, mpira umeshasokotwa nyuzi 16 hivi kabla hata ya kuwasha injini, na utabaki hivyo usiku na mchana gari likiwa limeegeshwa. Shimo likilipandisha gurudumu sentimita 10 nyingine, msokoto unafika nyuzi 33, wakati bushi iliyokazwa sawasawa ingekuwa imebeba nusu yake. Mpira gani utavumilia hayo kwa miaka?

Miongozo ya ufundi ya Toyota yenyewe inaagiza gari lishushwe, lineswe mara kadhaa ili likae, ndipo bolti hizo zikazwe kwa nguvu iliyopimwa. Atakayesema kwamba fundi wake amekaza gari likiwa juu kwa miaka mingi na wateja hawakulalamika, namjibu kuwa mteja hana namna ya kulalamikia jambo hilo. Bushi haikatiki getini pa gereji. Inakatika baada ya miezi, na kufikia hapo lawama imeshapata wenyewe: barabara, au duka. Barabara zetu mbovu zinachangia kweli, lakini ubovu huo ndio unaofanya zile nyuzi 16 za bure zigharimu zaidi.

Ndiyo maana naona kazi hii ya kubadilisha bushi inamfaa mwenye gari anayeifanya nyumbani kwa utulivu, endapo gari lake ni la aina ambayo springi imefungiwa pamoja na shokapu, kama Corolla hiyo. Hapo mkono wa chini unatoka bila kuiachia springi. Kwenye magari ambayo springi imekalia mkono, peleka gereji; springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Pingamizi kubwa ni kwamba nyumbani hakuna mashine ya kushindilia bushi. Bolti ndefu ngumu, nati na vipande vya bomba vyenye kipenyo kinachofaa vinaweza kuifanya kazi hiyo, mradi nguvu yote iangukie ukingo wa bomba la nje na si mpira. Maji ya sabuni yatarahisisha; grisi ya kawaida iache, mafuta ya petroli huuvimbisha mpira asilia. Weka alama kabla ya kutoa ya zamani, kwa kuwa bushi nyingi zina matundu yanayopaswa kuelekea upande maalumu. Kuchoma mpira kwa moto ili utoke ni desturi ninayotamani ife: moshi wake ni sumu, na joto halijui kuuchagua mpira na kuuacha mkono.

Usalama hauna mjadala. Gari likae juu ya stendi za chuma, kamwe si jeki peke yake. Kisha, kabla ya kukaza mwisho, inua mkono kwa jeki karibu na boli jointi mpaka bodi ianze kuacha stendi kidogo. Mkono sasa umekaa kama gari likiwa chini, na nafasi ya kuingiza spana bado ipo.

Wapo watakaopendekeza bushi za plastiki ngumu, yaani poliyurethani. Nyingi huzunguka kwenye bomba la ndani, hivyo kosa la kukaza haliziumizi sana, ila zinahitaji grisi yake maalumu, hulia zikikauka, na hupitisha mtikisiko mwingi zaidi ndani ya gari. Kwa gari la familia, mpira bado unatosha. Na kama kazi unampa fundi, mwombe waziwazi ashushe gari kabla ya kukaza, usimame hapo uone, kisha ukapime alaimenti. Dakika chache za ziada atakazotaka kulipwa ni haki yake.