Gede Haitaki Haraka

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii sote tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi maana yake niliijua likizo ya Agosti, siku niliyokwenda Gede na wenzangu watatu.

Mtasema, Gede si tulikwenda kidato cha kwanza? Naam, tulikwenda. Basi lilitushusha saa nne, na saa tano kasorobo tukapigiwa honi, kwani bado kulikuwa na Watamu na Mnara wa Vasco da Gama siku iyo hiyo. Nilichokumbuka ni kima walionipokonya mkate. Insha yangu niliinakili kutoka kibao cha langoni, na nikapata 17 kwa 20!

Safari hii hapakuwa na honi. Tulipanda matatu hapa Malindi, kilomita 16 tu, na mfuko wetu wa mahamri na viazi karai. Mzee aliyetutembeza alipoitikia shikamoo zetu akatuuliza, "Wanangu, leo mmekuja kutembea au kukimbia?" Tulicheka, lakini swali lilinichoma.

Katika Jumba la Mfalme tulikaa hadi jua likawa utosini. Paa halipo tena, na mizizi ya miti imekumbatia kuta. Mna ua ambamo mfalme alipokea wageni na kusikiliza mashauri, na kijichumba cha mali kisicho na dirisha. Mna vyoo na visima, ndugu zangu, vya zaidi ya miaka 400 iliyopita! Mwenzetu mmoja, ambaye somo la historia humtia usingizi, alijinyoosha kivulini akasema leo mfalme ni yeye, tumletee kesi. Tukamletea kesi ya mahamri yaliyopungua. Kumbe mwizi alikuwa mfalme mwenyewe!

Kisha mzee akatusimulia. James Kirkman alichimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, na nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lakini mwenye mkasi ule alikuwa nani? Fundi aliyezipaka kuta zile chokaa je? Hatujui. Hakuandika jina lake.

Mimi niliandika langu. Nilikuwa nimelisahau, lakini tulipozunguka nyuma nilikutana nalo uso kwa uso: jina, kidato na mwaka, vimekwaruzwa kwa msumari. Nilimwambia mzee ukweli. Hakunigombeza. Aliligusa kwa kidole, akasema, "Chokaa haioti tena, mwanangu." Afadhali angenichapa.

Basi maoni yangu ni haya. Anayekimbizwa haoni kitu, na asiyeona kitu hukwaruza ukuta ili angalau aonekane alifika. Walimu wetu wapendwa, badala ya kwenda pahali patatu kwa siku moja, twendeni pamoja. Gharama haitazidi, kwani basi hukodiwa kwa kutwa. Tugawanywe vikundi vidogo, kila kikundi kipewe nyumba moja ikikalie, ikipime, kisha kiandike kilichoiona kwa macho yake. Hapo hakuna atakayenakili kibao.

Na sisi wanafunzi, misumari ibaki karakana. Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya turathi za dunia. Watu watatoka mbali kuja kuitazama. Je, tunataka wasome historia ya Waswahili au orodha ya kidato cha kwanza?

Jina langu bado liko pale. Nendeni mkalione, ila msiliongezee jirani.