Ule mungu wa bahari mliupenda, mimi sasa naona ni feki

Wasee, kuna picha yangu moja mmeilaiki kuliko zote nimewahi kuweka hapa, na leo nimekuja kuisema vibaya.

Mnaijua. Yule mungu wa bahari, kifua wazi, misuli ya mtu anayelala jim, ndevu zinapepea, macho yanawaka samawati, mkononi mkuki wa ncha tatu na nyuma yake wimbi refu kuliko KICC. Ngozi nilimpaka kahawia iliyoiva, nikamsokota dredi, shingoni nikamtupia shanga. Chini nikaandika: mungu wa bahari wa Kiafrika. Komenti zikashuka, moto, moto, moto. Hadi mimi mwenyewe nikaamini.

Ilikuwa kazi ya kulipwa. Mdosi mmoja ako na mathree hizi za Waiyaki Way na alitaka mchoro wa kioo cha nyuma. Maagizo yake yalikuwa maneno manne tu: bahari, mungu, hasira, mwanga. Akanitumia nusu ya pesa, na hiyo nusu ikalipa deni la tableti yangu ya kuchorea. Kwa hivyo msinione najifanya mtakatifu. Nilichora haraka kwa sababu ya doo.

Siku ya kujaribu kuprinti nikashuka tao, nikaingia River Road. Kama hujawahi kufanya kazi hapo: unapanda ngazi nyembamba kati ya duka la simu na duka la wigi, unampa jamaa flashi, unangoja kwa benchi na watu kumi, kila mmoja na haraka zake. Karatasi ya A3 ikatoka. Manze, bahari yangu ilikuwa imekufa. Ile samawati ya kuwaka ilikuwa imegeuka kitu cha zambarau-kijivu, kama jinsi iliyofuliwa mwaka mzima.

Hiyo haikuwa makosa ya jamaa wa printa, na wachoraji wadogo mnaonisoma mjue mapema. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga. Printa inatengeneza kwa wino wa rangi nne, na kuna samawati na kijani ambazo mwanga unaweza kuzitoa lakini wino hauzifikii hata ukiulipa. Ukichora ukitegemea mwako wa skrini, unachora kitu ambacho hakiwezi kutoka nje ya simu. Jamaa aliniangalia tu akasema, "Kijana, hii ni ya simu, si ya gari."

Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza. Ya pili ilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa kando yangu kwa benchi, na gunia la nguo miguuni, akingoja kuprintiwa risiti zake kabla ya basi la Kampala la jioni. Mabasi ya Uganda yanatoka pale pale karibu, kwa hivyo ukikaa River Road utaskia Luganda kila siku. Akainyoosha shingo.

"Kijana, huyu ni nani?"

"Mama, ni mungu wa maji. Wa huku kwetu."

"Wa kwenu wapi?"

Nikanyamaza. Akaweka kidole kwa ule mkuki. "Na hii uma ni ya kukula nini?" Benchi yote ikacheka. Halafu akasema, bila madharau, "Sisi kwetu ziwa liko na mwenyewe. Anaitwa Mukasa. Yeye hashiki uma. Anashika kasia." Akaitwa, akachukua makaratasi yake, akaenda. Sijui jina lake.

Nilirudi Kangemi kwa gari nimekunja ile A3 ndani ya begi na hiyo uma ikinichoma.

Kwa sababu alikuwa amenipata. Nilichokuwa nimechora ni Poseidon, yule wa Wagiriki, nikambadilisha rangi ya ngozi. Mkao ni wake, hasira ni zake, shuka la begani ni lake. Hata ule mkuki si pambo tu. Wavuvi wa Kigiriki walichoma samaki kwa mkuki wa ncha tatu, kwa hivyo walimpa mungu wao kifaa cha kazi yao, kama vile sisi tungempa wetu kifaa cha kwetu.

Na kitu cha mkononi si mchezo. Kuna sanamu kubwa ya shaba iliyotolewa baharini kule Artemision, Ugiriki, kati ya 1926 na 1928, sasa iko makumbusho ya taifa kule Athens. Mwanamume uchi, mwenye ndevu, urefu zaidi ya mita mbili, mkono umerudi nyuma tayari kurusha. Silaha yake ilipotea. Na kwa sababu ilipotea, wataalamu wamebishana hadi leo: ni Zeus akirusha radi au ni Poseidon akirusha mkuki? Mwili ule ule, uso ule ule. Sasa kama kitu cha mkononi kinaweza kuamua mungu ni nani, mimi na shanga zangu nilikuwa nadanganya nani?

Nikaanza kumsoma Mukasa. Kitabu cha John Roscoe, mmisionari Mwingereza, kinaitwa The Baganda, kilitoka 1911 na kiko bure kwenye intaneti. Kisomeni mkijua ni mmisionari anaandika juu ya dini ya wengine, ingawa alisaidiwa sana na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliyemletea wazee wa kuulizwa. Humo Mukasa ndiye mkubwa wa miungu ya Buganda, hekalu lake kuu likiwa kisiwa cha Bubembe, kwenye visiwa vya Ssese. Anatoa samaki, chakula, ng'ombe na watoto, hasa mapacha. Anaponya. Na hiki ndicho kilinimaliza: hana habari na vita. Vita ni vya ndugu yake, Kibuka. Yaani nilikuwa nimechukua hasira za Mgiriki nikazipandikiza mahali ambapo mwenye maji ni mtu wa kulisha watu.

Najua kuna msee ataniambia ziwa si bahari. Enda usimame Ssese, au hata Usenge, uangalie mbele. Kilomita za mraba karibu 69,000, nchi tatu, mawimbi ya kupindua boti. Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Hilo jina la malkia alilibandika Speke 1858. Upande wetu wavuvi wana hadithi ya Nyamgondho, aliyevua mwanamke kwa mtego wake akatajirika, akamtukana akiwa mlevi, na mama akarudi ziwani na ng'ombe wote wakimfuata. Pwani nako kuna chunusi, jini wa kuvuta watu chini ya maji. Ndiyo, neno ni lile lile la vipele vya uso wako. Nani amewahi kumchora chunusi vizuri? Nangoja.

Basi nikafungua faili mpya. Kwanza nikatoa uma nikaweka kasia, nikaona bado ni Poseidon, sasa ameshika kasia kama rungu. Hapo ndipo nilielewa kubadilisha kifaa hakutoshi. Mtu anayepiga kasia hasimami kifua mbele. Anakaa au anapiga goti, mgongo umeinama, mkono mmoja juu ya mpini, mwingine chini karibu na maji. Uzito uko kiunoni. Nilijipiga picha nikiwa nimepiga goti sitting rumu na fagio, mara kama arobaini, sista yangu akicheka. Nikamweka ndani ya mtumbwi wa Ssese, ule wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, na mdomo mrefu uliotokeza mbele wenye pembe za swala. Shuka la Kigiriki likaenda, nikamvisha lubugo, kitambaa cha gome la mutuba, chenye rangi ya udongo mwekundu. Maji nikayaacha yawe ya ziwa kweli: kijani-kijivu, na dhahabu kidogo jua likizama.

Nilipoirudisha River Road, rangi zilitoka karibu zote kama nilivyozichora. Udongo, kahawia, kijani cha ziwa, hizo wino unazijua. Jamaa wa printa akaishika kwa mwanga muda mrefu. Hakusema kitu, lakini hakunilipisha ile karatasi ya kwanza.

Hiyo ya pili pia ina makosa, nisiwaache mkadhani nimefika. Mkono wa kushoto ni wa mtu mwingine kabisa. Uso nimeufanya mpole hadi unakaa kama tangazo la benki. Na mtumbwi unaelea juu ya maji badala ya kukaa ndani yake, kwa sababu nilisahau kivuli chini ya ubavu.

Akili unde nayo nilijaribu, kwa sababu mtaniuliza. Niliandika mungu wa maji wa Afrika Mashariki, mara sita. Mara sita nikapewa Poseidon mweusi, na mara mbili akiwa na taji. Siilaumu sana. Imekula picha zetu, na picha zetu ndizo hizo nilizokuwa nachora.

Mathe ndiye alinisumbua zaidi. Aliona skrini usiku, akauliza kama nimeanza kuleta majini nyumbani. Sisi ni Wakatoliki wa Kangemi, parokia ile Papa Francis alitembelea 2015, na hapo kwetu hayo si mambo ya utani. Na ana hoja. Kuna watu Buganda wanaomheshimu Mukasa mpaka leo, kwa hivyo huyu si mhusika wa gemu wa kubandikwa matangazo ya unga. Nilimkumbusha kuhusu Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa Uganda aliyeuawa 1885. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo ni mtakatifu, si yule wa maji." Sawa. Lakini hakuniambia nifute.

Mdosi nilimpelekea zote mbili. Akaangalia ya Mukasa sekunde tatu. "Huyu amechoka. Mbona amekaa? Nipe yule wa hasira." Nikajaribu kumweleza. Akaniuliza kama nataka ile nusu nyingine ya pesa au nataka kumfundisha historia.

Nilichukua pesa. Ukiona mathree Waiyaki Way na Poseidon wa dredi nyuma, na samawati yake imekufa, ni mimi. Matusi yaleteni hapa, msimpigie makanga.

Ya Mukasa niliprinti nakala moja kwa pesa yangu, nikamwachia jamaa wa printa aibandike ukutani juu ya benchi, pale watu wa mabasi ya Kampala wanangojea. Nimemwambia yule mama akirudi na gunia lake, amuulize kuhusu ule mkono wa kushoto.