Kiti Kinachotikisika Kisidharauliwe

Wako vijana wasioridhika kucheza mchezo wa mbio za magari kwa kutazama kioo tu. Huunda kiti cha chuma chenye usukani na pedali, kisha wakakitia mota ili kiiname na kutikisika kama gari lenyewe. Mzee akiona mambo hayo husema ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Mimi sikubaliani naye hata kidogo.

Hebu tukitazame kiti hicho. Mara nyingi hukalishwa juu ya kiungo kikuukuu cha shafti ya gari, kile kiwezacho kukunjika kila upande. Mota mbili, aghalabu za waipa za lori, hukivuta na kukisukuma. Kompyuta hutoa habari za mwendo wa gari la mchezoni, na kibao kidogo cha umeme, kama vile Arduino iliyobuniwa Italia mwaka wa 2005, huziamrisha mota. Kwenye kila mota hufungwa kifaa mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio, nacho hupima imezunguka kiasi gani. Dereva akikanyaga breki, kiti huinama mbele. Akikanyaga mafuta, hulala nyuma. Sikio la ndani haliwezi kutofautisha kuinama na kuongeza mwendo, basi mwili hudhani gari limeondoka kweli.

Nani atasema huo si ufundi? Aliyekiunda amejifunza kuchomelea, umeme, hesabu na kompyuta, wala hakusukumwa na mtu.

Historia nayo yatuonya tusiwe wepesi wa kudharau. Edwin Link wa Marekani alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha vinanda mjini Binghamton. Mwaka wa 1929 alichukua mivukuto ya vinanda akaunda ndege isiyoruka, yenye kuinama na kugeuka papo hapo ilipo. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya burudani. Lakini mwaka wa 1934, marubani wa jeshi walipokufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilinunua mashine sita. Katika Vita Vikuu vya Pili, malaki ya marubani walifunzwa kwazo. Kilichoitwa mchezo kiliokoa roho za watu.

Sisi Wakenya hatuna sababu ya kuwa nyuma. Watoto wetu wameunda magari ya waya yenye magurudumu ya malapa tangu zamani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally mara tatu, mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Mafundi wa jua kali tunao, na vyuma vikuukuu vimejaa tele.

Kwa hiyo nashauri vyuo vya ufundi vikifanye kiti hiki somo, na walimu wasisitize usalama, kwani mota hizo zaweza kuvunja kidole: swichi ya kukata umeme iwe karibu na mkono wa dereva. Nao wazazi, kabla ya kumwuliza kijana kitamletea nini, wamwulize kwanza amekiundaje.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Tusingoje vijana wetu watuzwe ugenini ndipo tupige makofi.