Tusiache Kuhesabu Nywele za Utitiri

Katika mkutano wa chama chetu cha sayansi mwenzangu mmoja alisema kwamba hadubini ni chombo cha wazee. Siku hizi kila kiumbe hutambulikana kwa DNA. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, nami napenda kueleza sababu.

Kwetu Uganda twala mihogo. Utitiri wa kijani, aliyeonekana hapa mwaka 1971, hufyonza majani machanga hata ncha ya shina ikabaki uchi kama mshumaa. Adui yake ni utitiri mwingine amlaye. Wale wa kwanza walioletwa Afrika kutoka Colombia miaka ya 1980 hawakudumu. Lakini Typhlodromalus aripo wa Brazil, aliyeachiliwa Benin mwaka 1993, alienea nchi nyingi. Mchana hujificha katika ncha ya mhogo, usiku hutoka kuwinda. Basi jina likikosewa, hasara ni ya mwenye shamba.

Na kukosea ni rahisi, maana mnyama mwenyewe hafiki nusu ya milimita. Hulazwa juu ya kioo, ndipo mtu apime nywele za mgongo, moja moja, na kutazama umbo la kifuko cha mbegu ndani ya jike. Ndugu yake aripo, ambaye leo huitwa manihoti, zamani alidhaniwa kuwa limonicus, mpaka wataalamu walipomtenga mwaka 1994.

Nakiri kwamba hadubini ina udhaifu. Madume na watoto ni taabu kuwatambua, kwa kuwa vitabu vya kutambulia hutegemea majike wazima. Hapo DNA yasaidia kweli. Hata yai laweza kupata jina. Lakini jina hilo latoka wapi? DNA hulinganishwa na ile iliyowekwa akiba, na aliyeiweka alimtambua mnyama wake kwa nywele. Akikosea yeye, nasi twakosea, tena kwa kujivuna! Na ukimsaga mnyama mzima, kesho utarudi kutazama nini? Yawezekana kuitoa DNA na kuiacha ngozi, ikahifadhiwa juu ya kioo. Hivyo ndivyo ifaavyo.

Shule yetu ina hadubini mbili, na moja haijatolewa sandukuni tangu nifike hapa. Naomba chama kiitoe. Jumamosi nitaleta ncha za mihogo kutoka shamba la shule, na yule mwenzangu aliyepigiwa makofi namkaribisha awe wa kwanza kutazama.