Mama kauza nyumba, na mimi nimejifunza kodi

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa nahangaika na nyumba ya Mama kule Tabata, na leo nimeamua niyatoe moyoni.

Kiswahili chetu bwana kina neno moja linalofanya kazi mbili. Mpangaji akilipa chumba, amelipa kodi. Serikali ikichukua chake, nayo imechukua kodi. Nimekua nikiisikia ile ya kwanza kila mwisho wa mwezi. Ile ya pili nyumbani kwetu haikutajwa kabisa, mpaka siku Mama alipotangaza kwamba anauza.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba sita. Mama alianza kuijenga mwaka 1994 kwa hela za vitenge na mikopo ya kupeana na wenzake. Leo lori la mchanga, mwakani mabati. Fundi alilipwa mkononi, akanywa chai, akaondoka. Risiti? Nani alikuwa anaomba risiti ya tofali?

Mnunuzi akapatikana, bei ikafika shilingi milioni 80. Hapo dalali akatuvuta pembeni, mimi na mjomba. "Kwenye mkataba andikeni 35. Kila mtu anafanya hivyo." Mjomba akanigeukia: "Wewe ndiye msomi, utasaini kama shahidi."

Jamani, mimi ndiye ninayeandika magazetini kuhusu mafisadi na mikataba ya siri!

Nikaomba siku mbili nisome sheria kwanza. Nilichokikuta ni hiki. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ukiuza ardhi au jengo, kinachotozwa ni faida. Unachukua bei ya kuuzia, unatoa gharama ulizoingia za kununua, kujenga na kuboresha, na kinachobaki mkazi wa Tanzania anatozwa asilimia 10. Na Msajili wa Hati habadilishi jina mpaka TRA ithibitishe kwamba kodi hiyo imelipwa, au kwamba haidaiwi.

Kuna msamaha wa nyumba ya kuishi: uwe umeimiliki miaka mitatu au zaidi, umekaa humo jumla ya miaka mitatu, na faida isizidi shilingi milioni 15. Mama alikuwa anaishi kwingine, pale ni wapangaji watupu. Msamaha haumhusu.

Na asiye na kumbukumbu za gharama je? Sheria ya Fedha ya 2023 ikamwekea njia yake: asilimia 3 ya thamani ya mali nzima, siyo ya faida. Kwa Mama, hiyo ni shilingi milioni 2.4.

Sasa pigeni hesabu nami. Tuseme jirani yake kauza kwa milioni 80 hizo hizo, na ana risiti za milioni 30. Faida yake ni milioni 50, kodi milioni 5. Aliyetunza karatasi analipa zaidi ya mara mbili ya asiye nazo! Geuza upande wa pili: mtu alitumia milioni 78 juzi juzi, kapata shida, anauza kwa 80. Akiwa na risiti analipa laki mbili. Akiwa hana, milioni 2.4 inamhusu kama Mama, ingawa hajapata faida ya maana. Ukiuza kwa faida kubwa, risiti zinakuumiza. Ukiuza kwa shida, kukosa risiti kunakumaliza. Hiyo ni haki gani?

Kuna hili pia. Shilingi ya 1994 siyo ya leo. Mwaka 1995 dola moja ilikuwa haijafika shilingi 700, leo inazidi 2,000. Lakini sheria ikitafuta faida inatoa shilingi za zamani kutoka kwenye shilingi za leo, kana kwamba ni kitu kimoja. Sehemu ya hiyo inayoitwa faida ni hela iliyoshuka thamani tu. Wenzetu Kenya nao wamo: kodi hii waliisimamisha mwaka 1985, wakairudisha 2015 kwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15.

Kwa hiyo nisaini ile 35? Hapana, na sababu zangu siyo za utakatifu. Kwanza, mthamini wa serikali anapita, na akisema nyumba ni ya 80, ile 35 haina kazi, labda uanze kutoa "chai". Pili, mnunuzi akikorofisha malipo, mkataba wako unasema umeuza kwa 35. Milioni 45 zilizobaki utazidai kwa karatasi gani? Tatu, mnunuzi mwenyewe siku akiuza, gharama yake kwenye makaratasi ni 35, na faida yake itavimba. Dalali hayupo kwenye lolote kati ya hayo. Kamisheni yake yeye anaihesabu kwenye 80!

Mjomba alinuna. Akaniambia serikali yenyewe imetufanyia nini, barabara ya mtaa ile mvua ikinyesha haipitiki. Sikuwa na jibu zuri, maana barabara naijua. Lakini nilikumbuka kitu kingine. Ada yangu ya sekondari ilitoka chumba cha mbele, kwa mpangaji fundi redio. Kwa miaka yote ile Mama hakuwahi kutangaza mapato ya wapangaji popote, na sheria inayatoza pia. Mimi mwandishi wa habari nimesomeshwa kwa kodi isiyolipiwa kodi. Nikiwanyooshea vigogo kidole, vitatu vinanirudia.

Tukamweleza Mama yote. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Nikifa, watoto wangu wasome kwamba nyumba yangu niliitupa kwa milioni 35?" Mjadala ukaisha. Mkataba ukaandikwa 80.

Msimamo wangu: kodi ya faida ni halali, lakini bunge lirekebishe hesabu. Gharama za zamani zipandishwe kufuatana na mfumuko wa bei, na mwenye risiti asiwe na sababu ya kuzificha. Na sisi tunaojenga chumba kimoja kimoja, tuanze kuomba risiti ya tofali.

Mama yake ya milioni 2.4 kaiweka kwenye kopo la biskuti, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Wadau mnasemaje? Mjomba bado hapokei simu yangu. Nawasilisha.