Usome na Mstari wa Kumi

Ndugu Mkristo, huenda Yeremia 29:11 unaujua kwa moyo. Umeandikwa kwenye kalenda za ukutani, kadi za harusi na vioo vya daladala, nasi tumeushika kama hati ya ahadi: mwaka huu kazi, mwaka huu nyumba. Nakuomba jioni ya leo uufungue, uusome pamoja na mstari wa 10.

Utaona kwamba maneno yale ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu. Anawaandikia watu waliochukuliwa na Nebukadreza hadi Babeli, nao wana kiu ya kuambiwa kwamba wanarudi kwao karibuni. Manabii wa kuwaambia hivyo hawakukosekana. Katika sura ya 28, Hanania asimama hekaluni na kutangaza miaka 2 tu. Yeremia, katika mstari wa 10, akawaandikia miaka 70. Akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa alijua kwamba kaburi lake litachimbwa Babeli. Tumaini lilikuwa la kweli, ila wa kulivuna walikuwa wajukuu. Mtu mzima yule alipewa kupanda, na kumcha Mungu ugenini.

Je, ahadi imepungua? Mimi naona imezidi uzito. Mama anayeuguza mtoto mwaka wa tano sasa, ukimtajia mstari wa 11 peke yake, atajiona hana imani. Msomee barua nzima, ajue kwamba Mungu huwakumbuka hata walio katikati ya ile 70.

Wala tusidhani jambo hili ni la wasomi wa vyuo vya theolojia. Ibilisi naye alimtajia Yesu Zaburi ya 91, naye Yesu akamjibu kwa Torati. Na mahubiri yaliyopotoka yanaweza kuua: mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa ili wamwone Kristo. Watoto walikuwamo.

Waberoya walimsikia Paulo mwenyewe, hata hivyo wakayachunguza Maandiko kila siku, na Luka akawasifu. Basi anayekwambia kwamba kumuuliza mhubiri ni kumgusa mpakwa mafuta anakunyima haki waliyokuwa nayo Waberoya mbele ya mtume.

Jumapili, mstari ukitajwa, usifunge kitabu. Ukifika nyumbani waite watoto, uisome sura yote kwa sauti.